Silinda Themanini na Nane

Gari la mizigo lilitambaa hadi mlango wa Subuni, karakana ya kuyeyushia na kumiminia vyuma, likasimama, likazima taa zake. Halikuwa na dereva. Lilikuja kila baada ya siku kumi kutoka Ukingo, mwendo wa kilomita arubaini, likileta chakula na maji na kuondoka na vipuri vilivyosubiwa humo, yaani kumiminwa kwenye kalibu. Sekela Mwambene alikuwa na tabia ya kulisubiri mlangoni kama mtu anayesubiri mgeni, ingawa alijua vizuri kwamba ndani hamna mtu. Siku hiyo, juu ya maboksi ya chakula, palikuwa na silinda moja iliyoviringishwa kwenye blanketi.

Aliiingiza ndani, akaifuta, akatia kidole. Mahali palipotakiwa kuteleza kama kigae palikuwa na mikwaruzo mirefu, na kidole kilitoka na unga wa kijivu. Hiyo ilikuwa silinda ya saba kurudishwa mwezi huo. Aliiweka kwenye rafu pamoja na zile sita.

Ukingo ulikuwa mji wa watu thelathini na wanane, tisa kati yao watoto, uliojengwa kwenye mdomo wa bonde huko kusini kabisa mwa Mwezi, ambako jua halipandi juu bali huzunguka upeo wa macho kama ngamia wa kinu cha ufuta. Hewa yao ilitoka kwenye mawe. Mawe yalichomwa mpaka yakatoa oksijeni, na pampu ishirini na nne zikaisukuma kwenye matangi na vyumbani. Kila pampu ilikuwa na silinda nne, na adui wa silinda hizo alikuwa vumbi. Vumbi la Mwezi halijapata kuguswa na maji wala upepo. Kila chembe yake ina makali ya chupa iliyovunjika leo, na hakuna kichujio kinachoweza kuizuia yote.

Silinda zilizoletwa kutoka Duniani zilivumilia vumbi hilo miaka minne. Za Subuni zilivumilia siku sitini. Na chombo cha kutoka Duniani hakikuwa kimefika tangu kiwanja cha kurushia roketi kilipoungua, mwaka mmoja na miezi saba iliyopita. Walikuwa wakiahidiwa tarehe, kisha tarehe inasogezwa, kisha wanaahidiwa nyingine. Sauti tu ndizo zilizokuwa zikisafiri.

Sekela alijua ugonjwa wa silinda zake. Alikuwa ameuona mara nyingi kwenye hadubini. Alumini peke yake ni laini, haiwezi kusuguliwa siku nzima. Ukiichanganya na silikoni nyingi, ile silikoni iliyozidi hujitenga wakati mchanganyiko unapoganda na kuwa fuwele ngumu, na fuwele hizo ndizo zinazobeba msuguano, kama kokoto zinavyobeba miguu kwenye njia ya matope. Alumini na silikoni havikuwa shida. Mwezi mzima ni ghala la vitu hivyo. Shaba aliipata kwenye nyaya kuukuu, magnesi aliichenjua mwenyewe. Alichokosa ni kitu cha kuzifunza fuwele ziwe ndogo. Zikiachwa zigande zenyewe hukua kubwa na zenye pembe, chache, zimetawanyika ovyo. Pistoni inapopita inazing'oa, nazo zinageuka kuwa visu ndani ya silinda.

Alijaribu kumimina kwenye kalibu zilizopozwa sana ili chuma kigande upesi. Nusu ya silinda zilipasuka. Alijaribu kuongeza shaba. Ziliongezeka nguvu, lakini mikwaruzo ilibaki ileile.

Dawa yenyewe ilijulikana tangu zama za babu zao. Ni fosforasi, kidogo mno, chini ya gramu moja kwa kilo mbili. Ikiingia kwenye chuma kilichoyeyuka inatengeneza vijipunje visivyoonekana, na kila kijipunje kinakuwa mbegu ya fuwele. Badala ya fuwele kubwa mia unapata ndogo elfu kumi, zimepangana sawasawa. Kopo la fosforasi la Subuni lilikuwa limekwisha mwezi wa tatu baada ya chombo cha mwisho kuondoka. Mawe yenye fosforasi yalikuwepo, lakini upande mwingine wa Mwezi, mbali kuliko gari lolote lao lingeweza kufika na kurudi.

*

Kwanza alimpigia Shekiondo, bwana shamba wa Ukingo, kwa sababu shamba ndilo lililokuwa na fosforasi yote ya mji. Ilikuwa ikizunguka: kutoka kwenye mahindi kwenda kwa watu, kutoka kwa watu kwenda kwenye matangi ya mkojo, kutoka huko kurudi kwenye mahindi. Sekela alimwambia kwamba tanuri lake ni duni na hupoteza robo tatu ya kila kinachoingia, kwa hiyo silinda tisini na sita zingetaka karibu gramu mia saba.

Shekiondo hakubisha. Alibeba simu yake ya picha hadi kwenye mistari ya mahindi, akamwonyesha majani. Yalikuwa na rangi ya zambarau kingoni, rangi ambayo mkulima yeyote anaijua kuwa ni njaa ya fosforasi. Alimweleza kwamba gramu mia saba ni mkojo wa mji mzima kwa siku ishirini na tano, na kwamba mahindi haya yakikosa siku ishirini na tano hayatabeba. Hakuwa na akiba. Alisema hayo kwa upole, kisha akauliza kama Sekela anakula vizuri.

Basi Sekela akaanza na wake mwenyewe. Kwa siku arubaini alikusanya mkojo wake kwenye ndoo, akaukausha, akauchoma pamoja na mchanga na makaa ya mabua, akaunasa mvuke wake kwenye shaba iliyoyeyuka. Alipata fosforasi ya kutosha kilo ishirini za chuma, na kilo ishirini zilimpa silinda tatu nzima. Akazipasha moto kwa saa sita karibu na kiwango cha kuyeyuka, akazizamisha majini ghafla, kisha akaziacha kwenye joto la tanuri la mikate kwa saa nane, ili shaba na magnesi zijipange ndani na kuukaza mwili wa chuma. Alizifunga kwenye mashine ya kujaribia, akazilisha vumbi kwa kijiko. Siku kumi na mbili mfululizo pistoni zilikwenda na kurudi. Alipozikata katikati kuzikagua, kuta zilikuwa zinang'aa kama kisahani cha kahawa.

Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Aliwasha kamera, akaishikilia nusu ya silinda mbele yake, kisha akaizima kabla hajasema neno, akaandika taarifa. Aliandika kwamba dawa inafanya kazi, kwamba zinahitajika gramu mia saba, na kwamba yeye peke yake angezipata baada ya miaka mitatu. Hakuandika kitu ambacho alikuwa amekwisha kukijua siku kumi na moja kabla.

*

Mwenyekiti wa Ukingo, Nekesa Situma, alikuwa daktari kabla ya kuchaguliwa. Alipiga siku ileile taarifa ilipofika. Hakuwa mtu wa kuzunguka. Alisema pampu tano zimekwisha kusimama na kwamba zilizobaki, kwa hesabu ya mafundi wake, zina siku hamsini kabla watu hawajaanza kuamka na vichwa vinavyouma.

"Sekela," alisema, "mimi ni daktari. Najua mwili wa mtu mzima una fosforasi kiasi gani. Na wewe unajua."

"Najua."

"Sikutaka wewe ndiye uwe wa kwanza kulisema. Ndiyo maana nimelisema mimi."

Sekela aliangalia mikono yake. Katika Ukingo waliokufa zamani walirudishwa Duniani, kila mmoja na chombo kilichofuata. Alikuwepo mmoja tu aliyekufa baada ya vyombo kukoma. Alikuwa amelala mita mia mbili kutoka alipoketi, kwenye kivuli ambacho jua halijakifikia tangu Mwezi ulipoumbwa, ndani ya jeneza la alumini ambalo Sekela alilisubu kwa mikono yake. Eliamini Mshana, mume wake, fundi mkuu wa Subuni. Moyo wake ulikuwa umesimama asubuhi moja akiwa anafunga viatu.

Situma alisema baraza limekaa na halitamlazimisha. Akasema vilevile kwamba hakuna njia nyingine waliyoiona. Halafu akazungumza juu ya mama yake Eliamini, aliyekuwa Usangi, milimani Upare, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Kwa maoni yake mama yule asiambiwe. Chombo kikija, jeneza litafungwa na kurudishwa limejaa mchanga, hakuna atakayelifungua, mama atazika, atapumzika. Situma alilisema jambo hilo kama daktari anayetaja dawa ya maumivu, bila ubaya wowote, na Sekela aliona jinsi lilivyokuwa rahisi.

Alijibu kwamba atafikiri. Alifikiri siku tatu. Katika siku hizo alivaa vazi la nje mara mbili, akaenda hadi kwenye ukingo wa kivuli, akasimama pale bila kuingia. Walipokuwa wawili Subuni palikuwa padogo. Waligongana viwiko jikoni. Alipokufa Eliamini, Situma alimwita Sekela arudi mjini, naye akakataa kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua tanuri. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli. Nyingine ni kwamba hakutaka kumwacha peke yake. Kwa miezi kumi na minne alikuwa ameishi na jirani mmoja, na jirani huyo ndiye waliyemtaka.

Siku ya nne alipiga simu Usangi.

*

Sauti huchukua zaidi kidogo ya sekunde moja kwenda na vivyo hivyo kurudi. Mtu akizoea haimsumbui. Lakini Sekela alikuwa hajampigia mama mkwe wake kwa miezi mitano, na kila mwanya ulionekana kama swali.

Mama Nakijwa alikuwa ameketi barazani, kitenge mabegani, ukungu nyuma yake umeficha migomba. Alimsalimia, akauliza afya, akauliza chakula, akauliza kama huko bado ni mchana tu. Sekela alijibu yote. Kisha akamweleza. Alimweleza juu ya pampu na vumbi, juu ya watu thelathini na wanane, juu ya dawa ambayo chuma kinaihitaji na mahali inapopatikana. Hakutumia neno gumu hata moja. Mama yule alikuwa Mshana kwa kuzaliwa na kwa kuolewa, ukoo wa wahunzi. Mambo ya chuma hakuhitaji kufasiriwa. Alisikiliza mpaka mwisho, uso umetulia.

"Ulisema utamleta," alisema.

"Nilisema, mama."

"Siku ile ile aliyokufa. Nililia, ukaniambia, nyamaza mama, nitamleta."

"Ndiyo."

Mama aliangalia pembeni, mahali ambapo kamera haikufika. Ukungu ulipita. Alipogeuka tena sauti yake ilikuwa ya chini.

"Nikisema hapana, utaacha?"

Sekela alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa laana hata. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa. Aliona kwamba angeweza kusema ndiyo, na mama angeridhia kwa heshima, na wote wawili wangebaki na uongo mdogo mzuri kati yao.

"Sitaacha, mama."

"Basi hukuja kuniomba. Umekuja kuniambia."

"Nimekuja kukwambia. Walitaka usijue. Nimeona bora unichukie ukijua."

Mama Nakijwa alikunja kitenge chake vizuri, polepole, kona kwa kona. Alisema kwamba hajui kama anamchukia. Hilo litakuja lenyewe au halitakuja. Akasema baba yake na babu zake walichimba mawe, wakayayeyusha, wakafua majembe yaliyolisha nchi nzima, na hapana hata mmoja aliyewahi kutia mwanawe motoni. Halafu akasimulia, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, kwamba zamani za bibi zake, kabla ya makanisa na misikiti, Usangi hawakuacha mtu kaburini moja kwa moja. Baada ya muda walifukua wakachukua kichwa, wakakiweka kwenye chungu, pangoni, pamoja na vichwa vya wazee wake. Mwili uliobaki ulikuwa wa udongo. Mtu alikuwa kichwa.

"Niachie kichwa," alisema. "Na usimpe mashine. Umfanyie wewe, kwa mikono yako. Mengine siwezi kukuzuia."

Sekela alifanya hesabu haraka kichwani, akajionea aibu kwa wepesi wake. Fuvu la mtu lina fosforasi kama gramu sitini. Gramu sitini ni silinda nane. Silinda nane ni pampu mbili.

"Nitakuachia, mama," alisema.

*

Alizima mikono yote ya roboti. Kazi ambayo mashine zingeimaliza kwa siku moja ilimchukua siku sita. Alivuta jeneza kwa kamba kutoka kivulini, akaliacha kwenye chumba cha baridi mpaka lilipokubali kufunguliwa. Alimwosha tena, ingawa hapakuwa na haja. Alisali sala aliyoijua kwa lugha ya kwao Rungwe, kisha akasema jina la Eliamini na la baba yake na la babu yake, mpaka mwisho wa majina aliyoyajua.

Yaliyofuata hakuyasimulia kwa mtu yeyote baadaye, na hakuna aliyemwuliza. Moto ulifanya kazi yake. Kilichobaki kilikuwa cheupe na chepesi, naye akakisaga kwa kinu cha mkono, akakichanganya na mchanga na makaa, akaupeleka mvuke wake kwenye shaba. Shaba iligeuka rangi, ikawa ya kijivu na kuvunjika kirahisi kama biskuti. Aliipima mara tatu. Ilitosha silinda themanini na nane.

Alimimina kwa wiki tatu. Sekela alipokuwa mwanafunzi wake, kabla hajawa mke wake, Eliamini alikuwa akimwambia asiiamini saa bali auamini uso wa chuma. Kikiwa tayari kinatulia kama maziwa yaliyopoa. Alikuwa akikiangalia kikitulia na kuinamisha chungu, tena na tena, mpaka mabega yakafa ganzi. Alipokata kipande cha kwanza na kukiweka chini ya hadubini, fuwele zilikuwa ndogo na zimesambaa sawa kila upande, kazi bora kuliko zote alizopata kuzifanya. Alikaa akiziangalia muda mrefu. Kisha akaandika vipimo kwenye daftari: ugumu, msuguano, tarehe. Kwenye safu ya chanzo cha dawa aliandika jina kamili la Eliamini.

*

Silinda zilipofika Ukingo, mafundi walizifunga pampu moja baada ya nyingine, na hewa ikarudi kuwa hewa. Situma alipiga kushukuru. Ilikuwa katikati ya shukrani ndipo alipouliza zile nane ziko wapi.

Sekela alimweleza. Situma hakupandisha sauti. Alisema Sekela amefanya uamuzi wa mji mzima kwa ajili ya ahadi ya watu wawili. Alisema upande wa kusini wa makazi utafungwa, kwa sababu pampu zake mbili hazina silinda, na familia nne zitahamia kwa wengine. Akataja majina ya watoto watakaolala sakafuni. Sekela alisikiliza kila jina. Alipoulizwa kama ana la kusema, alijibu kwamba hakumtumia Eliamini kama mtu asiye na mwenyewe. Mwenyewe alikuwepo, mama yake, na mama alitaka sehemu yake. Kwamba angefanya hivyohivyo tena. Kwamba hajui kama ni haki.

"Hata mimi sijui," Situma alisema, akakata simu.

Baada ya hapo, kwa siku nyingi, gari lilikuja na chakula na maji tu. Zamani watu walikuwa wakitia vikaratasi kwenye maboksi, salamu, picha ya mtoto, mara moja soksi zilizofumwa. Sasa maboksi yalikuwa maboksi. Labda walimkasirikia. Labda hawakujua namna ya kumsalimia mtu ambaye kila pumzi yao ilikuwa imepitia kwake kwa njia ile. Sekela alijipa sababu zote mbili kwa zamu. Jikoni palikuwa na nafasi tele. Wakati mwingine alijikuta amesogea pembeni ya jiko kumpisha mtu.

Mwezi wa tatu tangu simu ile ya Situma, gari lilipofika, mlango wake ulifunguka kabla hajaugusa, akatoka mtu.

Alikuwa Shekiondo. Alishuka akijivuta, maana kukaa saa tisa kwenye sanduku la mizigo si mchezo kwa mwenye miaka hamsini na nane. Walipokwisha kuingia ndani alivua kofia ya vazi lake, akamsalimia, akaomba maji. Mkononi alikuwa na mkebe. Ndani yake mlikuwa na majivu.

Alieleza baada ya kunywa. Familia mbili zilizohamishwa zilikuwa zikilala shambani, kati ya mahindi, na kila asubuhi alikuwa akiruka miguu ya watoto kwenda kumwagilia. Siku moja aling'oa mistari miwili, akaichoma. Katika mkebe mlikuwa na gramu sitini za fosforasi, labda na zaidi kidogo.

Sekela aliushika mkebe, akahisi hasira ikimpanda, hasira ambayo hakuwa amejua kwamba anayo. Alimwuliza kama aliweza kutoa mistari miwili, kwa nini hakuweza kutoa ishirini siku ile alipomwomba.

"Miwili ni watu kupunguza sahani kwa wiki chache," Shekiondo alisema. "Ishirini ingekuwa vifo. Nimepiga hesabu hiyo kila siku, mwanangu, nikitafuta kosa. Ningelipata kosa ningekuja kukupigia magoti. Sikulipata. Nimekuja hivyohivyo."

Sekela aliweka sahani mbili mezani. Mkono wake haukukumbuka mahali sahani ya pili inapokaa, ilibidi afikiri. Walikula maharage na mkate, na mzee akasifia mkate. Baadaye alimsaidia kuchoma na kusaga, na silinda nane za mwisho zilimiminwa wakiwa wawili, mmoja akishika taa na mwingine chungu. Wakati wa kuondoka, mzee alimwuliza kama haoni ni wakati wa kurudi mjini. Sekela alisema bado. Shekiondo hakusisitiza. Alijipinda akaingia kwenye sanduku, mlango ukafungwa, taa zikawaka, gari likageuka.

Jioni ya saa zake, ingawa jua lilikuwa palepale, Sekela aliketi kwenye simu. Mara mbili alianza kupiga akaacha. Mara ya tatu akaacha iite.

Mama Nakijwa alipokea akiwa jikoni. Moshi ulikuwa mwingi, akawa anafuta macho. Sekela alimwambia kichwa kiko salama, kimefungwa kwa nguo safi, na kwamba kitakuja na chombo cha kwanza kitakachofika, na kama itaruhusiwa atakileta mwenyewe. Mama aliitikia kwa kichwa. Hakutabasamu, hakushukuru. Alichochea kuni, akaweka sufuria, kisha akauliza swali lake bila kugeuka.

"Hao watu. Wanapumua?"

"Wanapumua, mama. Wote."

"Na wewe?"

Sekela alifungua mdomo ajibu. Alisikia tu mapovu ya maji kwenye sufuria ya Usangi, maji yakianza kuchemka, karibu kana kwamba ni jikoni mwake. Machozi aliyokuwa hajayatoa tangu asubuhi ile ya viatu vya Eliamini yalimjia yote kwa pamoja, akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto. Mama mkwe wake alifunika sufuria, akavuta kigoda karibu na simu, akaketi. Alingoja. Hakumwambia anyamaze.

Kilio kilipokwisha, akamwangalia.

"Kesho nipigie," alisema. "Usisubiri mpaka uwe na neno la kuniambia."